Mhadhara juu ya Kitenzi "Run" na Wingi wa Maana Zake



Lugha ya Kiingereza ina kitenzi kifupi cha herufi tatu, "run", ambacho mtoto wa Kiingereza hukitamka kabla hajaweza kuandika jina lake mwenyewe, na ambacho Peter Gilliver, mmoja wa wahariri wa kamusi kubwa ya Oxford, alikishughulikia kwa muda wa miezi tisa kabla ya kuikamilisha habari yake. Ilipotangazwa mwaka 2011 kwamba kazi ile imekwisha, maana za kitenzi hicho peke yake, bila kutia katika hesabu jina lililozaliwa nacho, zilikuwa zimefika 645. Kabla ya hapo, katika chapa ya pili ya kamusi hiyo iliyotoka mwaka 1989, neno lililoongoza kwa urefu lilikuwa "set", lenye maana 430 na maelezo ya maneno yapatayo 60,000, kiasi ambacho kingetosha kuwa kitabu kamili juu ya neno moja.

Aghalabu mwanafunzi wetu akisikia hesabu hizi huchukua moja kati ya njia mbili. Ama husema kwamba Kiingereza ni lugha tajiri kupita lugha nyingine zote, na kwamba yetu ni maskini kwa kukosa neno la mfano wake. Ama husema kwamba ni lugha ya fujo isiyo na kanuni, na kwamba mtu hana budi kuikariri kama alivyokariri majina ya nchi na miji mikuu yake. Mimi siafiki kauli yoyote katika hizo mbili, na wasaa niliopewa jioni hii nataka kuutumia kueleza kwa nini siafiki. Wingi ule wa maana una asili yake, una njia uliyopitia, na una mahali unapokaa. Na mahali penyewe si ndani ya kitenzi tu, bali ni katika maneno yanayokizunguka kitenzi.

Yafaa tuanze na asili. Kiingereza cha kale, kile kilichosemwa Uingereza kabla ya Wanormani kuvuka bahari mwaka 1066, hakikuwa na kitenzi kimoja cha kwenda mbio, bali viwili vya ukoo mmoja. Cha kwanza kilikuwa "irnan", ambacho kabla ya sauti zake kubadilishana mahali kilikuwa "rinnan", nacho kilitumika kwa mtu au mnyama aendaye mbio mwenyewe, na kwa maji yatiririkayo. Cha pili kilikuwa "ærnan", nacho kilitumika kwa mtu akifanyaye kitu kingine kiende mbio, kama mpanda farasi amwendeshavyo farasi wake. Msemaji wa Kiswahili hana haja ya kuelezwa tofauti hii kwa maneno mengi, maana ni ile ile iliyo kati ya kupita na kupitisha, kulala na kulaza, kuenda na kuendesha. Sisi tunaitia mwishoni mwa kitenzi, wala hakuna mtoto wa pwani aikoseaye hata akiwa hajapata kusikia neno sarufi. Waingereza wa kale waliitia ndani ya kitenzi kwa kuigeuza irabu yake, na masalio ya desturi hiyo yangalipo mpaka leo kwa mwenye kuyatazama: "sit" ni kuketi, na "set" kwa asili yake si kingine ila kuketisha, "lie" ni kulala, na "lay" ni kulaza, "fall" ni kuanguka, na "fell" ni kuangusha, japo siku hizi huangusha miti zaidi kuliko vitu vingine, hata "drench", ambacho leo ni kulowesha chapachapa, kwa asili ni kunywesha, mtoto wa "drink".

Basi neno "set", ambalo linawatia hofu wanafunzi kwa maana zake 430, mzizi wake ni wazo moja tu, nalo ni kukiketisha kitu mahali pake. Anayeandaa meza, anayepanga siku ya mkutano, anayeunga mfupa uliovunjika, anayetega mtego, anayetia kito katika pete, anayerekebisha saa: hawa wote kwa Kiingereza wanatumia "set", na wote kwa hakika wanakiweka kitu katika makao yanayokistahili. Jua nalo likizama huambiwa limeketi. Sidai kwamba kila maana katika zile 430 inaweza kurudishwa kwenye mzizi kwa wepesi wa namna hii, kwa kuwa kuna maneno ya asili nyingine yaliyoingia na kujichanganya humo. Lakini sehemu kubwa hurudi, na anayeujua mzizi hupungukiwa na mzigo wa kukariri.

Kwa "run" mambo yalikwenda kwa njia nyingine. Ndugu wale wawili walikaribiana kwa sauti mpaka masikio ya watu yakaacha kuwatenganisha. Watu wa Skandinavia waliohamia kaskazini na mashariki mwa Uingereza walikuja na vitenzi vyao vya asili ile ile, vilivyofanana na vya wenyeji; kisha, karne baada ya karne, miisho ya vitenzi ikawa inapukutika katika ndimi za wasemaji, na mwisho likabaki umbo moja lililorithi kazi ya wote wawili, ya mwendaji na ya mwendeshaji. Mjerumani, ambaye lugha yake ni jamaa wa karibu wa Kiingereza, hakuvichanganya vitenzi hivyo: kwake yeye maji yanayotiririka ni "rinnen", na mtu aendaye mbio ni "rennen", hata leo. Ndiyo sababu mtu wa London hutumia neno moja kwa mto ushukao, kwa bomba litoalo maji, kwa pua itokayo kamasi, kwa rangi ya nguo inayochuja, na kwa mwanariadha uwanjani. Na hutumia neno hilo hilo kwa mwenye duka aliendeshaye duka lake. Mto na mwanariadha wametoka katika urithi wa ndugu wa kwanza. Mwenye duka ametoka katika urithi wa wa pili. Asiyejua kwamba mirathi zilikuwa mbili atastaajabu maisha yake yote jinsi duka linavyoweza kufanana na kamasi.

Baada ya asili kuna historia, na historia ya kitenzi hiki ilipata nguvu mpya katika zama za mashine. Tangu zamani meli ilisemwa kwamba inakwenda kwa "run" mbele ya upepo, na gurudumu la kinu lilizunguka kwa "run" pale maji yalipolisukuma. Ilipofunguliwa reli ya Stockton na Darlington mwaka 1825, na ile ya Liverpool na Manchester mwaka 1830, watu walihitaji kitenzi cha kueleza chombo kiendacho kwa njia maalumu na kwa saa maalumu, kikifika kinarudi, kesho kikaenda tena. Neno lilikuwa tayari, nalo likapokea kazi. Kutoka kwa gari la moshi na mashine lilihamia kwa kiwanda chenye mashine, kutoka kiwandani likahamia kwa biashara yoyote, hata isiyo na gurudumu wala mvuke, na katika karne ile ile ya 19 Wamarekani wakalizoesha sana kwa maana ya kusimamia na kuongoza. Siku hizi Mwingereza hutumia neno hilo kwa hospitali, kwa shule, kwa nchi nzima. Na ilipokuja tarakilishi, programu nayo ikapewa kitenzi kile kile kilichopewa gurudumu la kinu.

Kuna jambo moja hapa ambalo si kubwa lakini lanivutia, nalo ni kwamba mtu atakaye kuchaguliwa katika Marekani husemwa kwamba anakimbia, hali katika Uingereza husemwa kwamba anasimama. Lugha ni moja, kazi ni moja, na wapiga kura wa pande zote mbili wanajua maana yake barabara. Sisi husema mtu amesimama, na husema zaidi kwamba anagombea, neno ambalo linatangaza wazi kwamba kuna mwenzake anayekitaka kiti kile kile. Sioni ushahidi wa kuniwezesha kusema kwamba Mmarekani ana haraka na Mwingereza ana utulivu, na wale wanaopenda kusoma tabia ya taifa zima katika kitenzi kimoja nawasihi wawe na subira.

Sasa nafika kwenye sehemu ambayo naiona kuwa kiini cha mambo. Miisho ya vitenzi ilipopukutika, na viambishi vingi vya mwanzo vilipoachwa, Kiingereza hakikukaa bila msaada. Kilichukua vijineno vidogo vya mahali na mwelekeo, kama "up", "down", "out", "over", "into", "through", kikavipanga baada ya kitenzi, na kuvikabidhi kazi. Hapo ndipo maana zilipoongezeka kwa wingi. "Run out" ni kuisha, kama sukari katika mkebe au muda wa mkataba. "Run over" ni gari kumgonga mtu na kumpitia juu, na pia ni kufurika kwa chombo kilichojazwa kupita kiasi. "Run into" ni kukutana na mtu bila kutazamia. "Run down" ni kuishiwa nguvu, ama kumsema mtu vibaya. "Run up" ni kulimbikiza deni, na ni kupandisha bendera, na ni kushona nguo upesi upesi. "Run through" ni kulipitia jambo kwa haraka, na kwa watu wa zama za panga ilikuwa ni kumchoma mtu upanga ukatokea upande wa pili. Ukimwuliza Mwingereza asiye mwanachuoni kama kitenzi kilichomo katika hizi zote ni kimoja au ni vingi, atasita. Maana kwake yeye "run out" haikai moyoni kama maneno mawili, inakaa kama neno moja, sawa na vile kwetu "ishiwa" ni neno moja ijapokuwa limejengwa kwa isha na viambishi vyake.

Jambo hili halikufichikana kwa wataalamu wa zamani. Samuel Johnson, aliyeitoa kamusi yake London mwaka 1755, aliligawa neno "take" katika maana 134, na katika dibaji alitaja kwa majina vitenzi vilivyomshinda kwa ulegevu wa maana zake, "run" akiwa mmoja wao pamoja na "get", "set", "put", "make" na wenziwe. Alisema pia kwamba kule kuongeza kijineno baada ya kitenzi ndiko kunakowatesa wageni kuliko jambo lingine lolote katika lugha yake. Nalitaja hili kwa ajili ya wanafunzi waliomo humu ukumbini wanaodhani kwamba taabu yao inatokana na uzito wa akili zao. Mtu aliyekuwa bingwa wa lugha ile, mzaliwa wake, aliandika juu ya taabu hiyo zaidi ya miaka 250 iliyopita, akawaonea huruma wageni.

Baada ya Johnson alikuja James Murray, mwalimu mzaliwa wa Skotlandi, aliyekabidhiwa kamusi ya Oxford mwaka 1879, na ambaye njia yake ya kazi inastahili kutazamwa kwa makini na sisi tulio na lugha inayohitaji kuandikwa. Murray hakuketi kufikiri "run" lina maana ngapi. Alitoa wito kwa wasemaji wa Kiingereza popote walipo, akiwataka wasome vitabu, na kila waonapo neno limetumika kwa namna ya kufaa, wanakili sentensi nzima katika kipande cha karatasi pamoja na jina la mwandishi na mwaka, kisha wampelekee. Vikaja vipande kwa mamilioni. Kila neno lilipofikiwa, vipande vyake vilitandazwa, vikapangwa kwa tarehe, vikatengwa kwa mafungu, na fungu lililosimama peke yake likawa maana. Sehemu ya kwanza ya kamusi ilitoka mwaka 1884. Ya mwisho ilitoka mwaka 1928, miaka 13 baada ya Murray mwenyewe kufariki dunia. Maana zile, basi, hazikutungwa na wataalamu. Zilichambuliwa kutoka katika maneno ambayo watu walikuwa wamekwisha kuyaandika. Na kwa kuwa ni kazi ya kuchambua, hesabu yake hutegemea chekeche: mwenye chekeche ya matundu madogo atapata 645, na mwenye matundu makubwa, kama watungao kamusi za wanafunzi, atapata makumi machache, na wote wawili watakuwa wamesema kweli juu ya unga ule ule.

Ushahidi mwingine kwamba maana hukaa katika maneno yanayokizunguka kitenzi ulitolewa bila kukusudiwa na C. K. Ogden, aliyetangaza mwaka 1930 Kiingereza chake cha msingi chenye maneno 850 tu, na vitenzi 18 tu ndani yake. Nia yake ilikuwa njema, nayo ilikuwa kumrahisishia mgeni. Lakini vitenzi vile vichache, "get", "put", "make", "take" na ndugu zao, ndivyo hasa vyenye maana nyingi, na aliyejifunza orodha ile alikuwa amejifunza maneno machache na kubakiwa na mamia ya mafungamano ambayo hayakuhesabiwa. Kupunguza maneno hakukupunguza mambo ya kusemwa. Kulihamisha mzigo tu, kutoka idadi ya maneno hadi wingi wa kazi za kila neno.

Turejee nyumbani. Kiswahili nacho kina mzigo ule ule, ila kimeuweka mahali pengine, na yeyote asemaye kwamba hatuna kitenzi cha mfano wa "run" hajakitazama kitenzi "piga". Tunapiga ngoma na tunapiga magoti. Tunapiga hodi, tunapiga pasi, tunapiga deki, tunapiga mswaki, tunapiga chafya na miayo, tunapiga ramli, tunapiga kura, tunapiga picha, tunapiga simu, tunapiga jambo marufuku. Tena, la ajabu zaidi kwa mhadhara huu, tunapiga mbio. Tazameni lakini tofauti ya ujenzi. Kwa Mwingereza, maana ya "run" hugeuzwa na kijineno cha mwelekeo kinachofuata; kwetu, maana ya piga huletwa na jina lifuatalo, na jina hilo ndilo lenye uzito, hata piga yenyewe katika piga miayo imebakiwa na kazi ndogo ya kulifanya jina litende. Na tunapotaka kugeuza uhusiano wa kitenzi na watu waliomo katika tendo, hatutafuti kijineno. Tunakwenda kwenye mwisho wa kitenzi, tukapata pigia, pigwa, pigana, pigisha, piganisha.

Ndiyo maana mwanafunzi aliyeambiwa kwamba "run" ni kukimbia, akaishia hapo, amepewa kitu kidogo sana, tena chenye hatari. Kukimbia kwetu hakuna maana ya miguu kwenda upesi tu. Kwa asili yake kuna maana ya kutoroka, kujiepusha na kinachokuja nyuma. Wazee waliokusanya maneno yetu katika kamusi za mwanzo walilijua hilo, na ndivyo walivyolifasiri. Mwendo mtupu wa kasi, usio na hofu, ulikuwa ni kwenda mbio au kupiga mbio. Katika kimbia tukapata kimbilia, ambako ni kutafuta hifadhi. Tukapata kimbilio, ambapo ndipo mahali pa hifadhi. Tukapata mkimbizi, mtu aliyeacha kwao kwa dhiki, ambaye si sawa hata kidogo na mkimbiaji wa uwanjani, hali kwa Kiingereza neno la mkimbiaji halina uhusiano wowote na neno la mkimbizi. Mwanafunzi anayefasiri sentensi ya Kiingereza isemayo kwamba gari la moshi hupita mara mbili kwa siku, akaandika kwamba gari la moshi hukimbia mara mbili kwa siku, amemfanya msomaji aulize linamkimbia nani.

Kwa hiyo nawaomba walimu wenzangu waache kufundisha vitenzi hivi kimoja kimoja, katika orodha yenye mstari katikati, Kiingereza kushoto na Kiswahili kulia. Mfundisheni mtoto kisima kilichokauka, nguo inayochuja rangi, duka linaloendeshwa na mjane, muda uliokwisha. Mpeni sentensi, na kitenzi kitakuja pamoja na jamaa zake. Ni kazi ndefu zaidi kuliko kukaririsha orodha. Lakini mtoto aliyejifunza hivyo hatakwama siku atakapokutana na maana ya 646, ambayo pengine iko njiani inakuja.

Na mbele ya macho yetu kuna kitenzi cha Kiswahili kinachopita njia ile ile waliyoipita ndugu wa "run", nacho ni endesha. Kwa asili ni kufanya kitu kiende. Tunaendesha chombo na tunaendesha gari. Tukaja tukaendesha duka, shamba na shule. Tunaendesha kikao, tunaendesha kesi, tunaendesha uchaguzi, tunaendesha maisha. Mafundi wa tarakilishi wanaendesha programu. Na mgonjwa akiwa na tumbo la kuharisha twasema ana tumbo la kuendesha, maana ambayo Waingereza nao wameifikia katika mazungumzo yao ya kawaida kwa kutumia jina la "run". Ni maana ipi iliyotangulia? Duka lilianza kuendeshwa lini, na kesi je? Je, maana hizi zilikua zenyewe katika vinywa vya watu wa pwani, au baadhi yake zilivutwa na Kiingereza cha maofisini wakati wa ukoloni? Kamati ya Lugha ya nchi za Afrika ya Mashariki, iliyoundwa mwaka 1930, ilitoa kamusi yake mwaka 1939, nayo ni kazi ya kuheshimiwa. Lakini kamusi ile haitoi tarehe wala haitaji mwandishi wa kila mfano, na zilizoifuata zimeiga desturi hiyo. Tunaambiwa neno lina maana gani. Hatuambiwi nani aliyeitumia, wala lini.

Ushahidi, hata hivyo, haukupotea wote. Umo katika nyaraka za makadhi na barua za wafanyabiashara zilizoandikwa kwa hati za Kiarabu, umo katika kumbukumbu za mabaraza, na umo katika gazeti la Mambo Leo, lililoanza kutoka Tanganyika mwaka 1923 na ambalo barua za wasomaji wake zimejaa Kiswahili cha watu wa kawaida kutoka kila jimbo. Mwenye nakala za zamani za gazeti hilo sandukuni mwake, au mwenye barua za babu yake zenye tarehe, na azifungue. Aonapo endesha, piga, enda, shika, toa au pata imetumika kwa namna isiyo ya kawaida, ainakili sentensi nzima katika karatasi moja, aandike mwaka, aandike mji, aandike jina la mwandishi ikiwa lipo, na akabidhi karatasi hiyo kwa mwalimu wa Kiswahili wa shule iliyo karibu naye. Na mwalimu naye asiitupe.